Somo la 14: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma, kuandika barua na kujumlisha hesabu. Leo tutatumia mambo hayo matatu kwa pamoja. Tutasoma habari za kodi ya mapato ya mfanyabiashara mdogo.

Ukimaliza somo hili utaweza:

(a) kueleza tofauti ya kodi ya TRA na ushuru wa Halmashauri;
(b) kuandika daftari la mauzo;
(c) kukokotoa mwenyewe kodi yako ya mwaka;
(d) kusoma karatasi ya makadirio kabla ya kuweka sahihi.

Chukua kalamu na daftari lako. Soma polepole. Ukifika kwenye hesabu, usiipite. Ifanye.

1. Mama muuza mchele

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Upande huu ni Tanzania. Upande wa pili ni Nakonde, nchini Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa. Reli ya TAZARA nayo hupita hapa. Malori ya mizigo ya Zambia na ya Kongo husimama kwa foleni ndefu. Mahali penye malori pana watu, na mahali penye watu pana biashara. Mmoja huuza mchele, mwingine chai na maandazi. Huyu hushona nguo, yule huziba pancha.

Katika darasa moja la kisomo alikuwapo mama mmoja muuza mchele. Mchele wake hutoka Kamsamba, kule Momba. Siku tulipoanza kuzungumza habari za kodi, mama huyu alisimama akasema:

"Mwalimu, mimi nimelipa kodi miaka mingi, lakini sijui nalipia nini. Kila mwaka kijana mmoja hunijazia fomu. Mimi naweka dole gumba tu. Akisema laki moja, natoa laki moja. Na yeye nampa elfu kumi ya kazi yake."

Darasa zima lilinyamaza. Wengi walikuwa hivyohivyo.

Somo hili ni jibu la mama yule.

2. Kodi ya zamani na kodi ya sasa

Wazee wetu waliijua kodi kwa uchungu. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi yetu. Aliyekosa fedha alitakiwa kufanya kazi. Waingereza nao walipokuja waliendelea kutoza kodi, nayo ikawa kodi ya kichwa. Tajiri ana kichwa kimoja, na maskini ana kichwa kimoja. Kodi ya namna hiyo haiulizi mtu amepata nini.

Hata baada ya uhuru tulikuwa na kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima alitakiwa kuilipa katika Halmashauri yake. Wengi wenu mnakumbuka jinsi watu walivyokimbilia mashambani walipowaona mgambo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Kodi ya mapato ni kodi ya namna nyingine. Haihesabu vichwa. Hutazama mtu ameuza kiasi gani katika mwaka. Aliyeuza kidogo hulipa kidogo au halipi kabisa. Aliyeuza zaidi hulipa zaidi.

Sasa fikiri kidogo, ndugu msomaji. Ili kuhesabu vichwa, karani haitaji daftari lako. Anakuona kwa macho. Lakini ili kujua umeuza kiasi gani tangu Januari hadi Desemba, ni lazima pawe na maandishi. Maandishi hayo aandike nani? Ni wewe mwenye biashara. Usipoandika wewe, mtu mwingine atakukisia.

3. Nani anapokea nini?

Watu wengi huchanganya malipo ya serikali. Tuyatenganishe.

TRA ni Mamlaka ya Mapato Tanzania. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kabla ya hapo idara za kodi zilikuwa mbalimbali. TRA hukusanya kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, na ushuru wa forodha pale mpakani. Fedha hizo huingia katika mfuko mkuu wa Serikali.

Halmashauri hukusanya fedha zake yenyewe. Kuna ada ya leseni ya biashara, ushuru wa soko, ushuru wa huduma na ushuru wa mazao. Fedha hizi hutumika katika wilaya au mji wenu.

Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Mbozi akiona mnunuzi amekatwa ushuru wa mazao, huo ni wa Halmashauri. Mwenye duka wa Tunduma akikadiriwa kodi ya mapato, hiyo ni ya TRA. Risiti ya mmoja haimalizi deni la mwingine. Ukiombwa fedha, uliza kwanza: "Hii ni ya nani, na risiti yake iko wapi?" Kuuliza si ukaidi.

4. Daftari la mauzo

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hebu tutazame ukurasa mmoja wa daftari la mama muuza mchele. Ni wiki moja tu.

Jumatatu: 12,000
Jumanne: 9,500
Jumatano: 17,000
Alhamisi: 14,500
Ijumaa: 16,000
Jumamosi: 34,500
Jumapili: sikufungua
Jumla ya wiki: 103,500

Tazama vizuri. Jumamosi aliuza shilingi 34,500, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Jumanne aliuza 9,500 tu. Jumapili hakuuza chochote, naye ameandika hivyo. Siku isiyo na mauzo nayo iandikwe. Usiache mahali patupu.

Katika kuandika, shika mambo haya matano:

Kwanza, andika kila jioni kabla ya kulala. Mauzo ya leo ukiyaandika kesho kutwa, utakisia.

Pili, andika mauzo yote. Mauzo ni fedha yote iliyoingia kwa kuuza. Faida ni ile inayobaki ukiondoa gharama. Kodi tunayoisoma leo hukokotolewa kwa mauzo. Kwa hiyo usiandike faida mahali pa mauzo.

Tatu, usichanganye fedha ya duka na fedha nyingine. Mchango wa harusi, mkopo wa kikundi, au fedha uliyotumiwa na mwanao si mauzo. Iandike ukurasa mwingine.

Nne, weka risiti za mali uliyonunua. Zitie katika bahasha moja, na juu yake uandike mwezi na mwaka. Sheria inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka mitano. Usizifungie maandazi.

Tano, andika kwa shilingi. Sisi wa Tunduma tunajua kwamba mteja wa Nakonde huja na kwacha. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara ya ndani ya nchi. Mteja abadilishe kwacha zake kwanza katika duka la kubadilishia fedha.

Mwisho wa mwezi, jumlisha wiki zote. Mwisho wa mwaka, jumlisha miezi yote. Basi, umekwisha kujua mauzo yako ya mwaka.

5. Tukokotoe kodi

Mtanzania mwenye biashara ndogo, asiye na kampuni, ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, hukadiriwa kwa jedwali maalumu. Tutajifunza sehemu ya chini ya jedwali hilo, kwa viwango vilivyopitishwa mwaka 2019.

Mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka: hakuna kodi.

Mauzo yaliyozidi 4,000,000 lakini hayazidi 7,000,000: asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000.

Mauzo yaliyozidi 7,000,000 lakini hayazidi 11,000,000: asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya kile kilichozidi 7,000,000.

Bunge huweza kubadili viwango hivi katika bajeti ya kila mwaka. Kabla ya kukadiriwa uliza: "Viwango vya mwaka huu ni vipi?" Lakini njia ya kukokotoa ujifunze sasa.

Mama yetu ameuza wastani wa shilingi 450,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni:

450,000 mara 12 = 5,400,000

Ondoa milioni nne:

5,400,000 toa 4,000,000 = 1,400,000

Tafuta asilimia 3. Gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 3:

1,400,000 gawanya kwa 100 = 14,000
14,000 mara 3 = 42,000

Kodi yake ya mwaka ni shilingi 42,000.

Je, kama hana daftari? Atalipa 100,000. Tofauti ni shilingi 58,000. Na si hilo tu. Tuseme anayemkadiria alipita sokoni Jumamosi, akaona watu wamejaa na magunia yanashushwa. Akasema moyoni: "Mama huyu huuza elfu thelathini kwa siku." Elfu thelathini kwa siku 300 ni milioni tisa. Hapo mama angeambiwa alipe 250,000.

Angejitetea kwa nini? Kwa machozi? Machozi hayasomeki. Ila daftari lenye siku ya Jumanne ya shilingi 9,500 linasomeka.

Pengine mwingine atasema: "Mimi naungua jua na karanga zangu, mauzo hayafiki milioni nne. Daftari la nini?" Ndugu yangu, wewe ndiwe unayelihitaji zaidi. Utaonyeshaje kwamba hujafika milioni nne kama hukuandika?

Jambo moja la kuonya. Daftari la uongo ni hatari kuliko kukosa daftari. Kuandika nusu ya mauzo ili kodi ipungue ni kosa la sheria. Tena mtu huyo hujidanganya mwenyewe, maana siku akitaka mkopo benki, daftari lake litasema biashara yake ni ndogo.

6. Kalenda ya mlipa kodi

Kwa mtu ambaye mwaka wake wa biashara huanza Januari na kwisha Desemba, tarehe za kukumbuka ni hizi:

Januari hadi 31 Machi: kupeleka makadirio ya kodi ya mwaka huo.
31 Machi: mwisho wa kulipa awamu ya kwanza.
30 Juni: awamu ya pili.
30 Septemba: awamu ya tatu.
31 Desemba: awamu ya nne.

Mama mwenye kodi ya 42,000 atagawanya kwa nne. Kila awamu atalipa 10,500. Akiweka kando shilingi 1,000 kila wiki, zitakapofika wiki 13 za kwanza atakuwa na 13,000. Awamu ya kwanza imekwisha, na chenji imebaki. Kodi haimtoi mtu jasho ikiwa amejiandaa kidogokidogo.

Mauzo yakipungua sana katikati ya mwaka, kwa ugonjwa au soko kuungua, usikae kimya. Nenda na daftari ukaombe makadirio yarekebishwe. Anayechelewa bila kusema huongezewa adhabu na riba, na deni dogo huwa kubwa.

Tena usingoje siku za mwisho za Machi. Siku hizo foleni ni ndefu na kila mtu ana haraka. Mwenye haraka hasomi, na asiyesoma huweka sahihi asichokijua. Nenda Januari au Februari. Utapata nafasi ya kuuliza, na ofisa atapata nafasi ya kueleza.

7. Mambo mapya ya TRA

Kazi ya kodi imebadilika. Zamani mambo yote yalikuwa makaratasi na makabati. Siku hizi mengi hupita katika kompyuta na simu. Tuyajue, maana asiyeyajua ndiye anayeliwa na vishoka.

Namba ya mlipa kodi. Watu huiita TIN. Ina tarakimu tisa. Hutolewa kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, yenye tarakimu ishirini. TIN hutolewa bure. Mtu akikwambia utoe fedha ili upate TIN, anakuibia.

Namba ya malipo. Wengi huiita kontroo namba. Ukikadiriwa, hupewa namba hii. Kwa namba hiyo unalipa benki, kwa wakala au kwa simu yako. Fedha huenda moja kwa moja serikalini. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumkabidhi mtu fedha mkononi, hata awe amevaa tai. Kabla ya kubonyeza namba yako ya siri, soma mambo mawili: kiasi cha fedha na jina la anayelipwa. Yakilingana, lipa. Yasipolingana, acha, ukaulize. Ujumbe wa malipo usiufute. Nakili namba zake katika daftari.

Mashine ya risiti. Mashine hizi za EFD zilianza kutumika mwaka 2010. Mwenye biashara aliyefikia kiwango cha mauzo kilichowekwa hutakiwa kuwa nayo. TRA wana msemo: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Ukidai risiti soma tarehe, kiasi na jina la duka. Risiti ya shilingi 5,000 kwa mali ya shilingi 50,000 ni risiti ya udanganyifu. Nawe ikikubidi kuonyesha ulinunua kwa bei gani, itakuangusha.

Kituo kimoja cha mpakani. Zamani mwenye mzigo alisimama Tunduma, akamaliza mambo yake, kisha akasimama tena Nakonde kuanza upya. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja. Mzigo uendao Zambia hukaguliwa Nakonde, na mzigo ujao Tanzania hukaguliwa Tunduma. Mfanyabiashara mdogo naye apite kituoni aonyeshe mali yake, apewe karatasi. Njia za panya huonekana fupi, lakini mali ikikamatwa huko hakuna karatasi ya kukutetea.

Kumbuka lakini, ndugu msomaji, kwamba mashine haijui kuuza mchele. Kompyuta hupokea kile kilichoingizwa. Ukiingiziwa namba ya kukisia, itatoa kodi ya kukisia, tena kwa haraka sana. Daftari lako bado lina kazi.

8. Siku ya makadirio

Mama muuza mchele aliandika daftari lake mwaka mzima. Mwezi wa Februari uliofuata alifunga daftari katika kitenge, akaenda ofisini. Mazungumzo yalikuwa hivi:

OFISA: Shikamoo, mama. Karibu ukae.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa makadirio.

OFISA: Vizuri. Una TIN na kitambulisho?

MAMA: Hivi hapa. Na daftari langu la mauzo hili hapa. Risiti za kununulia zimo katika bahasha hizi.

OFISA: (Anafungua daftari) Mama, mwezi wa nne mauzo yameshuka sana. Kulikuwa na nini?

MAMA: Mvua, mwanangu. Barabara ilikatika, mchele haukuja siku kumi na moja. Tazama, nimeandika kila siku: "Sikuuza. Mzigo haujafika."

OFISA: Naona. Na Desemba yamepanda.

MAMA: Sikukuu. Watu wanakula pilau.

OFISA: (Anacheka, anajumlisha) Basi mauzo ya mwaka ni milioni tano na laki nne.

MAMA: Ndivyo nilivyopata na mimi. Kodi ni elfu arobaini na mbili.

OFISA: Nani amekukokotolea, mama?

MAMA: Nimekokotoa mwenyewe.

Ofisa akachapa karatasi, akampa aweke sahihi. Mama hakuweka sahihi papo hapo. Alitoa miwani, akasoma jina lake. Akasoma TIN, tarakimu moja moja. Akasoma mauzo, akasoma kodi, akasoma tarehe za awamu nne. Watu wa nyuma walianza kuguna. Yeye akaendelea kusoma. Alipomaliza akaandika jina lake kwa mkono wake.

Wino wa dole gumba ulibaki mezani. Hakuuhitaji.

9. Ukiona makosa

Ofisa ni binadamu, na binadamu hukosea. Ukiona kodi uliyoandikiwa si sahihi, usitukane na usikimbie. Zipo njia za sheria.

Kwanza, rudi kwa ofisa ukaulize kwa upole. Makosa mengi ni ya tarakimu, nayo hurekebishwa hapohapo.

Pili, kama hamkuelewana, andika barua ya pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Barua hiyo ipelekwe ndani ya siku 30 tangu ulipopewa makadirio. Eleza sababu, na ambatisha nakala za kurasa za daftari. Sheria hutaka sehemu ya kodi ilipwe wakati pingamizi likisubiri. Uliza ofisini sehemu hiyo ni kiasi gani.

Tatu, usiporidhika na jibu, kuna Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake kuna Baraza la Rufani za Kodi.

Nne, kama jambo lako ni la kutendewa vibaya, kucheleweshwa au kuombwa rushwa, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Rushwa vilevile huripotiwa TAKUKURU.

Katika njia zote hizi utaulizwa swali lilelile: "Ushahidi wako uko wapi?" Nawe utafungua daftari.

10. Tumejifunza nini?

Kodi ya mapato hufuata mauzo. Mauzo huonekana kwa maandishi. Mwenye maandishi hulipa anachostahili, na asiye na maandishi hulipa anachokisiwa. Serikali ina haki ya kupata kodi yake ili ilipe waganga na walimu, inunue dawa na ijenge barabara. Wewe nawe una haki ya kutolipa zaidi ya inavyotakiwa na sheria. Haki hizo mbili hukutana katika daftari la shilingi chache.

Mama yule siku hizi hampi mtu elfu kumi ya kujaziwa fomu. Fedha hiyo hununua madaftari ya wajukuu, na moja huliacha kwa ajili ya mchele.

Maneno mapya

Makadirio: hesabu ya kodi inayotarajiwa kulipwa katika mwaka.
Mauzo: fedha yote iliyoingia kwa kuuza.
Awamu: sehemu moja ya malipo yaliyogawanywa.
Asilimia 3: sehemu tatu katika kila sehemu mia.
Pingamizi: maelezo ya kutokubali makadirio.
Kishoka: mtu anayejidai kufanya kazi ya ofisi ili ale fedha za watu.

Maswali

1. Kodi ya kichwa ilikuwa na tofauti gani na kodi ya mapato?
2. Taja malipo mawili yanayopokelewa na TRA na mawili yanayopokelewa na Halmashauri.
3. Kwa nini siku isiyo na mauzo nayo iandikwe?
4. Kabla ya kulipa kwa simu, usome mambo gani mawili?
5. Pingamizi lipelekwe ndani ya siku ngapi?

Hesabu

Tumia viwango vilivyomo katika somo hili. Kila mmoja ana daftari.

(a) Muuza maandazi wa Vwawa huuza shilingi 300,000 kwa mwezi. Kodi yake ya mwaka ni kiasi gani?
(b) Fundi baiskeli wa Mlowo ameuza 6,000,000 kwa mwaka. Kodi yake ni kiasi gani? Kila awamu atalipa kiasi gani?
(c) Mwenye duka wa Tunduma ameuza 8,000,000 kwa mwaka. Kodi yake ni kiasi gani? Kama asingekuwa na daftari angezidisha kiasi gani?

Kazi ya kikundi

Mkae watu watano watano. Kila mmoja aanze daftari lake jioni ya leo. Asiye na biashara aandike matumizi ya nyumbani. Baada ya wiki moja mlete madaftari darasani, mbadilishane, na kila mmoja ajumlishe la mwenzake. Hesabu zisipolingana, tafuteni kosa liko wapi. Msichekane.

Majibu ya hesabu

(a) Mauzo ni 3,600,000. Hakuna kodi. (b) Kodi ni 60,000. Kila awamu ni 15,000. (c) Kodi ni 120,000. Bila daftari angelipa 250,000, yaani angezidisha 130,000.